Kiti Hakilegei Bure

Mwenye gari wa kisa hiki nimemtunga, kwa hiyo asitafutwe steji. Makosa yake tu ndiyo ya kweli, na yeyote aliyewahi kupanda gari dogo kutoka Awendo kwenda Rongo atayatambua moja baada ya jingine.

Awendo ni mji wa miwa. Tangu kiwanda cha sukari cha Sony kianze kusaga mwishoni mwa miaka ya 1970, barabara kuu ya A1, inayotoka Kisii ikapita hapo kuelekea Migori na mpaka wa Isebania, haijawahi kuwa ya wasafiri peke yao. Trekta huvuta matela ya miwa, malori hupita yakielekea Tanzania, bodaboda hubeba watu na mbuzi, na katikati yao hupenya Probox. Toyota ilianza kuunda gari hili mwaka 2002, likikusudiwa mizigo midogo ya maduka na ofisi za Japani, na watu watano wakizidi sana. Kwetu limekuwa matatu. Spea zake hazikosekani, mafuta halili sana, na barabara ya murram hailitishi. Kwa hiyo hupakiwa: wawili kiti cha mbele, wanne au watano nyuma, wengine buti pamoja na magunia ya omena. Steji ikichemka, abiria mmoja hugawana kiti na dereva. Hiyo ndiyo sambaza.

Mwenye gari wetu alikuwa hodari wa sambaza. Aliliendesha mwenyewe, akarauka kabla ya jua, na hakukubali kuondoka steji huku pakibaki nafasi ya kuingiza hata nyonga moja. Kiti cha dereva kilichoundwa kwa mtu mmoja kikawa kinabeba wawili, uzito wote umelala upande mmoja, na gari linaruka matuta. Kilivumilia kwa muda. Kisha siku moja alipokanyaga breki pale Ranen, akasikia mlio chini yake: tok. Akaondoa mguu, tok tena.

Ugonjwa ulikuwa bado mdogo. Kiti cha gari hushikwa na bolti nne, mbili mbele na mbili nyuma, zinazoingia kwenye nati zilizochomelewa chini ya sakafu. Moja ilikuwa imeanza kujifungua. Spana namba 14 ingetosha, na fundi yeyote wa kando ya barabara angeikaza bila hata kudai pesa, ila labda ya chai. Lakini mwenye gari alihesabu kwamba kusimama ni kupoteza trip. Akachukua kipande cha mpira wa tyubu, akakikunja, akakisokomeza chini ya reli ya kiti. Mlio ukaisha. Akaamini amepona.

Mpira haukazi bolti. Unachofanya ni kuzuia masikio yasisikie. Bolti iliendelea kujifungua kimyakimya mpaka ikatoka, na abiria mmoja akaiokota kwenye zulia akamkabidhi: "Dereva, hii si yako?" Akaitupa ndani ya kisahani cha majivu cha dashibodi, pamoja na sarafu na vocha kuukuu, akasema ataifunga jioni. Ikapita jioni ile na nyingine nyingi.

Mwenye kuona zaidi alikuwa mama mmoja muuza omena aliyetoka upande wa Homa Bay, ambaye mara nyingi alikaa nyuma ya dereva. "Nyathina," akamwambia kwa upole, "kiti chako kinanigonga magoti kila ukishika breki." Mwenye gari akacheka. "Mama, hiyo ni massage ya bure." Watu wote wakacheka, na onyo likapotelea ndani ya kicheko.

Alipokubali kununua bolti, aliinunua kwa macho. Alipita duka la vifaa vya ujenzi, akaonyesha unene kwa kidole, akapewa bolti ya mlango wa geti. Unene ulikuwa sawa. Meno hayakuwa sawa. Bolti za unene wa milimita 10 katika magari ya Kijapani aghalabu huwa na meno membamba yaliyopishana kwa milimita 1.25, ilhali bolti ya kawaida ya dukani yenye unene huohuo hupishana kwa milimita 1.5. Tofauti hiyo jicho haliioni, lakini nati huiona. Bolti ilizunguka mara mbili, ikakwama. Badala ya kuitoa, akaongeza bomba kwenye mkono wa spana akailazimisha. Ikaingia kwa kuyakata meno ya nati iliyochomelewa sakafuni. Kwa hiyo kitu kilichokuwa kizima, yaani nati, kikaharibika kwa ajili ya kuokoa kilichokuwa bei rahisi, yaani bolti. Na wakati huo bolti yenyewe halisi, sampuli ambayo angeipeleka dukani ikafananishwa jino kwa jino, ilikuwa imelala kwenye kisahani cha majivu.

Bolti ile ya kulazimishwa haikushika kitu, na kiti kilichoshikwa na bolti tatu huanza kujipinda. Reli ya upande mmoja ikapanda kidogo, na komeo linaloishika reli likawa haliingii vizuri kwenye jino lake. Siku moja akitoka steji kwenye mwinuko, gari likavuta mbele, kiti kikateleza nyuma hadi mwisho wa reli, mikono ikaukosa usukani na miguu ikazikosa pedali. Gari likarudi nyuma hatua chache, likazimika lenyewe kabla ya kugonga bodaboda. Hapo ndipo alipoogopa. Na mtu aliyeogopa hutaka dawa ya haraka.

Akaenda kwa fundi wa kuchomelea.

Fundi alikuwa kijana, lakini kazi aliijua. Alilala chini, akamulika kwa simu, akainuka akipangusa mikono. "Jaduong', hiki kiti kinataka kutolewa chote. Nati imekufa. Nitachonga meno upya, ama niweke bati chini ya sakafu na bolti ya kupenya. Reli pia isafishwe. Uniachie gari mpaka kesho."

"Kesho? Watu wananingoja steji, kijana wangu. Wewe nichomelee tu reli kwa sakafu isicheze."

"Itashika, lakini haitakuwa imeshika."

"Ongea Kiswahili."

"Nasema itanyamaza, Jaduong'. Kunyamaza si kushika."

Mwenye gari akatoa shilingi 300, akaziweka juu ya boneti. Fundi naye alikuwa na kodi ya kibanda ya kulipa. Akachomelea. Zulia likashika moto kidogo likazimwa kwa maji ya chupa, moshi mchungu wa sponji ukajaa ndani ya gari, na baada ya dakika chache kiti kikawa hakisogei mbele wala nyuma, hakitoi mlio, hakimgongi mama wa omena magoti. Kwa wiki kadhaa mwenye gari alimwonyesha kila mtu. "Mnaona? Mia tatu tu!"

Kuna jambo ambalo hakulifikiria. Reli ilikuwa imechomelewa mahali panapofaa miguu yake yeye, na yeye ni mrefu. Alipougua malaria, akampa gari dereva wa skwodi, yaani wa kushikilia zamu, kijana mfupi, ambaye hakuweza kuzifikia pedali. Kiti hakisogei. Skwodi akaweka mto mgongoni, akakaa ukingoni mwa kiti, mkanda ukawa unampita tumboni badala ya kulala kwenye nyonga. Akaondoka Awendo magharibi, gari limejaa.

Kabla ya Rongo, trekta ilikuwa mbele inavuta tela la miwa lisilo na taa hata moja. Skwodi aliliona likiwa karibu. Akakanyaga breki kwa nguvu zote. Abiria wa nyuma, ambao hawakuwa na mikanda, wakaegemea kiti chake kwa uzito wao wote. Mshono wa welding haukukatika. Kilichopasuka ni bati la pembeni mwa mshono, pale moto ulipolidhoofisha. Kiti kikainuka, kikamlaza dereva juu ya usukani, na mguu ukatoka kwenye breki. Gari likaigonga kona ya tela, likaingia mtaroni.

Hakufa mtu. Skwodi alivunjika mbavu na paja. Mama wa omena alivunjika kifundo cha mkono ule aliokuwa akipimia samaki sokoni. Gari lilivutwa na breakdown, likalala miezi mingi bila kufanya kazi huku mwenyewe akilipa hospitali kwa mafungu. Na kesi ikafuata, kwa kuwa Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, katika kifungu cha 55, hudai kila sehemu ya gari itunzwe katika hali isiyohatarisha watumiaji wengine wa barabara wala watu waliomo ndani ya gari. Kila sehemu, maana yake na kiti pia. Trip moja aliyokataa kuipoteza pale Ranen ilizaa hasara ambayo trip za mwaka mzima hazikuweza kuifuta.

Mficha maradhi, kilio humfichua. Basi tuyachambue maradhi haya, kwa sababu kukarabati kiti kwa bei nafuu kunawezekana kabisa, ilimradi mtu ajue anakarabati nini.

Kwanza, ajue kazi ya kiti. Wengi wetu tunadhani kiti ni cha kukalia, kikicheza ni usumbufu tu. La. Katika magari mengi madogo ya siku hizi, kitako cha kufungia mkanda kimefungwa kwenye kiti chenyewe. Kanuni za waziri John Michuki zilipoanza kutumika Februari 2004, kila abiria wa matatu alitakiwa afunge mkanda, na vidhibiti mwendo vikawekwa kikomo cha kilomita 80 kwa saa. Zilikuwa kanuni nzuri. Lakini mkanda hauna nguvu kuliko kile ulichofungwa nacho. Chukua mtu wa kilo 70 ndani ya gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, kisha gari hilo lisimame ghafla kwa kugonga, kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde. Nguvu inayomvuta mtu huyo mbele inakaribia uzito wa tani moja, sawa na magunia 20 ya sukari ya kilo 50. Sehemu kubwa ya mzigo huo hupita kwenye mkanda, ikashuka kwenye kiti, ikaishia kwenye bolti zile nne. Mtu wa nyuma asiyefunga mkanda huongeza magunia yake juu ya hayo. Bolti moja ikikosekana, tatu zilizobaki hazigawani mzigo sawasawa. Iliyo karibu ndiyo hubeba zaidi, nayo ndiyo hufuata kukatika.

Pili, atafute mahali panapocheza kabla ya kutafuta dawa. Mtu mmoja akitikise kiti kwa kukishika mgongoni na kitakoni, mwingine amulike chini kwa tochi ya simu. Reli ikisogea juu ya sakafu, ugonjwa ni bolti au sakafu. Reli ikitulia lakini kiti kikisogea juu yake, ugonjwa ni komeo au gololi za reli zilizolika. Kitako kikitulia na mgongo ndio unaocheza, ugonjwa ni kifaa cha kulaza kiti. Vyote vikitulia na bado unazama ukikaa, ni springi au sponji. Haya ni magonjwa manne, na kila moja lina bei yake. Mwenye gari wetu aliyatibu yote kwa dawa moja.

Bolti ndiyo nafuu kuliko yote. Sukuma kiti nyuma uone za mbele, kisha mbele uone za nyuma. Iliyolegea itolewe kabisa, isafishwe, itazamwe meno, ndipo irudishwe. Ikiwa imepotea, toa nyingine iliyobaki uipeleke dukani kama sampuli, na uombe yenye nguvu. Bolti nyingi huandikwa namba kichwani. Iliyoandikwa 8.8 huhimili mvuto mara mbili ya ile ya 4.6 yenye unene uleule kabla haijakatika. Bolti isiyo na alama yoyote iachie geti. Ukiifunga, ianze kwa vidole. Ikikataa kuzunguka kwa vidole mizunguko kadhaa, hiyo si yake au nati ina uchafu. Usilete spana, sembuse bomba. Baada ya siku chache za kazi, ikazwe tena.

Nati ikiwa imekufa, meno yanaweza kuchongwa upya kwa kifaa chake, au kupachikwa meno ya chuma ndani ya tundu, na hiyo ni kazi ya shilingi mia chache kwa fundi mwenye vifaa. Ikishindikana, bolti ndefu yenye nguvu ipenye sakafu na kushikwa kwa chini na bati nene lililo pana, ili nguvu isambae na nati isiweze kung'olewa na kutoka na tundu lake. Wosha ndogo haitoshi. Na sakafu ikiwa imeliwa na kutu, kama inavyotokea kwenye magari yanayobeba miguu yenye matope kila msimu wa mvua, hakuna bolti itakayosaidia. Kata kutu, weka bati jipya, chomelea hapo. Sakafu inachomeleka. Lakini kiti, zulia na kila kinachoshika moto vitoke nje kwanza, na waya wa betri ufunguliwe, maana sponji za viti huungua kwa kasi na moshi wake ni sumu, na katika baadhi ya magari pampu ya mafuta iko chini ya kiti cha nyuma.

Reli isichomelewe kamwe. Mara nyingi haitaki hata kubadilishwa. Itoe, uangalie kilichomo: mchanga, punje za mahindi, sarafu, nyuzi za miwa. Safisha, paka grisi kidogo, unyooshe waya unaounganisha makomeo ya pande mbili ili yaingie kwa pamoja. Kisha jaribu: vuta komeo, achia, halafu sukuma kiti kwa mwili mbele na nyuma mpaka usikie pande zote mbili zimeingia. Jaribio hilo lifanywe kila mara dereva anapobadilisha nafasi ya kiti, na lisifanywe gari likiwa linatembea.

Kifaa cha kulaza mgongo kikivunjika, au fremu ikipasuka, usikarabati. Tafuta kiti kizima cha mtumba kutoka gari la aina ileile na upande uleule, kwa wauzaji wa spea za magari yaliyobomolewa. Vitambaa visivyofanana havijawahi kumwua mtu. Ukiona waya wa manjano chini ya kiti, huo mara nyingi ni wa mfuko wa hewa. Zima gari, fungua betri, ngoja dakika chache kabla ya kuugusa, na usikubali kiti hicho kishonewe kava nene la kufunika ubavu ambako mfuko hutokea.

Tatu, na hili ndilo kubwa, ajiulize ni nini kilichokilegeza. Bolti ya kiti haijifungui kwa uchawi. Kama kiti cha mtu mmoja kinabeba wawili, utakikaza leo na kitalegea tena. Mwenye gari wetu alikuwa akikusanya nauli ya sambaza kwa mkono mmoja na kuilipia kwa mkono mwingine, ila malipo yalichelewa kufika, akadhani ni faida. Ukarabati wa bei nafuu kuliko wote ni kumshusha yule abiria aliyegawana kiti na dereva.

Na fundi je? Wengi watamlaumu kijana wa kuchomelea. Yeye alisema ukweli, kisha akauuza kwa mia tatu. Sehemu yake ya lawama anayo. Fundi wa jua kali huendesha kibanda kwa kusikiliza mteja, lakini kuna kazi ambazo heshima ya ufundi hutaka zikataliwe, na kuchomelea reli ya kiti ni mojawapo. Mteja naye ajifunze kuagiza. Ukimwambia fundi "nifanyie isicheze," atakufanyia isicheze. Mwambie "nitafutie kwa nini inacheza," na utakuwa umenunua ufundi wake.

Wewe mwenye gari unayesoma haya, leo jioni ukilizima, kishike kiti cha dereva ukitikise. Vishike na vya abiria, kimoja kimoja. Kikilia, toa spana namba 14. Na wewe abiria, kiti cha dereva kikikugonga magoti, sema, urudie kusema, na ukichekwa, shuka.